Njia za ishara za seli: usichore mishale mitupu
Wewe unayesoma baiolojia hapa Mtwara au Lindi, kabla hujakariri jinsi seli shina inavyogeuka kuwa msuli au neva, anza na alama mbili: mshale kwa kinachowasha, mstari wenye kichwa bapa kwa kinachozima. Nimeona daftari nyingi zimejaa mishale tu, na hapo ndipo watu wanapopotea.

Protini za ishara kama Wnt na BMP hushika vipokezi kwenye utando wa seli, ujumbe ukafika kwenye kiini, jeni fulani zikawaka. MikroRNA ina kazi nyingine. Ni kipande kifupi cha RNA chenye herufi (nyukleotidi) kama 22, hunasa RNA mjumbe, yaani nakala ya jeni, ili isitoe protini. Mfikirie fundi wa vinyago wa Kimakonde: kwenye gogo la mpingo haongezi kitu, anapunguza kwa tezo na patasi mpaka sura itokee.

Sasa chora mfano huu, maana ndio unaowatatiza wengi. Katika seli za msuli, mikroRNA mbili, miR-1 na miR-133, hunakiliwa pamoja. Hata hivyo miR-1 huibana HDAC4, protini ambayo yenyewe huzuia jeni za msuli, hivyo seli hukomaa. miR-133 huibana SRF, protini inayowasha jeni za msuli, na seli huendelea kugawanyika. Ukikuta vichwa bapa viwili vinafuatana kama kwa miR-1, visome kama mshale mmoja: kilichozimwa ni kizuizi.