Kuondoa ukoka na ndago kwenye matuta bila dawa

Kabla ya kushika jembe, ng'oa shina moja ulitazame. Ukoka hutambaa juu na chini ya udongo, na kila kifundo chake kinaweza kuota. Ndago si nyasi hasa: bua lake ukilipapasa lina pembe tatu, na chini kuna vijiazi vyeusi vilivyofuatana kama tasbihi. Tiba ya mmoja haimfai mwenzake.

Ukoka ushughulikie kiangazi, Julai au Agosti. Mwagilia tuta jioni. Kesho yake zamisha uma wa bustani sentimita 20, inua, tikisa, vuta uzi mzima. Jembe hukata uzi vipande, na kila kipande chenye kifundo ni mche mpya. Ndiyo maana shamba lililolimwa vizuri hurudi likiwa baya zaidi. Ulichong'oa kianike juu ya bati au sakafu ya saruji hadi kikatike kwa kukunjwa. Kibichi kisiingie kwenye mboji.

Kisha tandaza maboksi yaliyobanduliwa utepe wa nailoni, yapishane sentimita 20, yaloweshe, funika kwa maranda au makumbi ya nazi unene wa sentimita 10. Acha miezi mitatu. Mahali ukoka unapopenyea ni kwenye maungio na kingo, hivyo chimba mtaro wa kina cha sentimita 20 kati ya tuta na uwanja wa nyasi. Wakati wa masika ukague kila wiki, maana ukoka huuvuka upesi.

Ndago hutoboa boksi, hata nailoni. Chimbua na vijiazi vyake, chekecha udongo, halafu rudi kila baada ya wiki mbili kuondoa machipukizi kabla hayajatengeneza vijiazi vipya. Ukikatiza masika moja, umeanza upya. Inachukia kivuli: panda matembele kwa kubananisha, uvune majani yake huku yanafunika. Chumvi, ambayo wengi hushauriana mtaani, usiitie. Itaua na mboga zako.

Ndago huweza kuingia na udongo au samadi ya kununua kwa kiroba au lori. Kabla ya kumwaga mzigo bustanini, jaza ndoo moja iliyotobolewa chini, mwagilia kila siku kwa wiki tatu, uone kinachoota.