Mchezo wa zamani ukiwa na kigugumizi cha sauti, usikimbilie kununua spika

Mwalimu mmoja mstaafu alikuja kwenye chumba changu cha ufundi, karibu na soko la Mbuyuni hapa Moshi, laptopu iko ndani ya kikapu pamoja na spika mbili mpya.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Hizi spika niliambiwa ninunue, nikanunua, na mchezo bado unagugumia."

Mjukuu wake wa kidato cha tatu alikuwa amekuja likizo, na mzee alitaka amwonyeshe Doom, mchezo wa mwaka 1993 ambao yeye aliucheza kwenye kompyuta ya ofisini enzi hizo. Nikaiwasha mashine palepale mezani. Muziki wa hatua ya kwanza ulienda vizuri kama sekunde mbili, halafu ukaanza ta-ta-ta-ta. Mlango ulifunguka kimya, mlio wake ukafuata baadaye, tena vipande vipande. Nikachomoa spika zake, nikachomeka zangu. Ikawa vilevile.

Spika zilikuwa nzima. Iliniuma kwamba mzee wa watu alitoa hela ya pensheni kwa kitu ambacho hakikuhitajika, ndiyo maana naandika haya kwa kirefu.

Kompyuta ya mwaka 1993 ilikuwa na kadi ya sauti, kwa mfano Sound Blaster 16 ya kampuni ya Creative iliyotoka mwaka 1992. Muziki ulitengenezwa na chipu ya Yamaha iliyokaa juu ya kadi ile, prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ikabaki na kazi zake. Leo unapocheza kwa DOSBox, programu ya kuendeshea michezo ya zamani kwenye kompyuta za sasa, kadi hiyo haipo. DOSBox inaiigiza kwa hesabu, na hesabu zote zinafanywa na prosesa ileile inayoendesha mchezo, inayochora picha na inayoendesha Windows. Prosesa ikizidiwa, picha ikichelewa kidogo jicho husamehe. Sikio halisamehe hata pengo dogo.

Ili spika zisikose cha kupiga, DOSBox huweka akiba ndogo ya sauti inayoitwa bafa. Waliokulia Kibosho, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, kama mimi wataielewa haraka, kwa sababu bafa ni nduwa, yaani bwawa dogo la kukusanyia maji. Maji ya mfongo, yaani mfereji, hayatoshi kumwagilia vihamba vyote, mashamba ya nyumbani, kwa wakati mmoja, kwa hiyo usiku yanakusanywa kwenye nduwa, asubuhi yanafunguliwa. Ila kama mfongo unaleta kidogo kuliko shamba linavyokunywa, chimba nduwa kubwa uwezavyo, bado itakauka. Itachelewa tu. Maelekezo mengi niliyoyaona yanaanza na kuongeza bafa, na mimi sikubaliani nayo. Anza na mfongo, yaani prosesa.

Fungua mchezo ndani ya dirisha dogo, usijaze skrini. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager itafunguka. Angalia DOSBox inakula asilimia ngapi za prosesa. Hapa wengi wanapotea: prosesa imegawanyika katika viini, kila kimoja kinafanya hesabu zake, na DOSBox hutegemea zaidi kiini kimoja tu. Laptopu ya mwalimu ilikuwa na viini viwili, na DOSBox ilisoma asilimia 50. Ukiangalia haraka utasema nusu nzima imebaki. Hapana, kiini kimoja kimejaa pomoni. Kwenye mashine ya viini vinne, kujaa kwa kiini kimoja kutasomeka 25 hivi.

Kiini kikiwa kimejaa, mchezo unadai kuliko mashine inavyoweza kutoa, basi punguza. Shika Ctrl ubonyeze F11. Kwenye laptopu nyingi itabidi ushike na Fn. Kinachopungua ni cycles, yaani kiasi cha amri ambacho DOSBox inajaribu kutekeleza katika kila milisekunde. Kwa kawaida mpangilio huo uko kwenye auto: michezo ya awali kabisa hupewa 3000, na mikubwa kama Doom huachiwa max, ichukue chochote inachokiona. Kwenye max, kila ukibonyeza Ctrl na F11 inashuka asilimia 5.

Nilimwambia mwalimu abonyeze mwenyewe. Asilimia 95, kigugumizi kipo. 90, kipo ila mapengo yanaanza kuachana. 80, muziki ukashika ila ukajikwaa alipofyatua bunduki. 75, ukatiririka. Aliondoa mkono kwenye kibodi akakaa anasikiliza tu, mchezo umesimama mbele yake. Na hakupoteza kitu kwenye picha, kwa sababu Doom yenyewe haivuki fremu (picha) 35 kwa sekunde hata ukiipa prosesa ya bei gani. Kile kilichopunguzwa kilikuwa kinaunguzwa bure.

Kinyume chake nacho hutokea. Task Manager ikionyesha prosesa imepumzika, lakini sauti inakatika na mchezo wenyewe unajikokota, basi mchezo umepewa cycles chache mno, hauwahi kutengeneza sauti yake. Hapo bonyeza Ctrl na F12 kupandisha. Ndiyo maana sipendi ushauri wa "ongeza cycles" au "punguza cycles" unaotolewa bila mtu kuangalia prosesa kwanza. Dalili masikioni zinafanana, dawa ni mbili tofauti.

Kabla ya kugusa faili lolote, chomeka chaja. Umeme ukikatika laptopu inahamia kwenye betri, na Windows nyingi zimepangwa kuibana prosesa ili betri idumu. Mtu anacheza vizuri mchana kutwa, saa mbili usiku umeme unakatika, sauti inaanza kugugumia, anadhani mchezo umeharibika. Ingia kwenye mpangilio wa umeme ndani ya Control Panel uhakikishe hujachagua ule wa kubana matumizi. Joto linafanya vivyo hivyo. Prosesa ikipata moto inajipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Laptopu ya mwalimu nilipoifungua, vumbi lilikuwa limeshikamana kwenye mapezi ya feni kama sufi ya mto. Nikalitoa kwa brashi laini, nikabadilisha na pasta ya prosesa, ile inayopitisha joto litoke kwenye prosesa, iliyokuwa imekauka ikawa kama chokaa. Kama mchezo wako unaanza vizuri na kigugumizi kinakuja baada ya dakika kumi au kumi na tano, feni ndiyo ya kuangalia mwanzo.

Sasa faili la mipangilio. Kwenye Windows, ingia menyu ya Start, kwenye folda ya DOSBox utaona kiungo cha Options. Kitafungua faili kwenye Notepad. Kabla hujabadilisha chochote, lifanyie nakala.

Tafuta sehemu ya cpu, kwenye mstari wa cycles andika namba uliyoifikia kwa Ctrl na F11. Kwa mwalimu niliandika:

cycles=max 75%

Mstari wa core uache auto. Kwenye sehemu ya render, kama kuna mtu aliweka scaler=hq3x ili picha ilainike, irudishe normal2x. Ile hq3x inakula prosesa sana.

Kisha sehemu ya mixer, ambayo ndiyo nduwa yenyewe. Kuna namba tatu. Ya kwanza ni rate, kwa kawaida 44100, yaani sampuli (vipimo vidogo) 44,100 za sauti kila sekunde. Milio ya Doom yenyewe ilirekodiwa kwa 11025, kwa hiyo kwenye mashine dhaifu ukishusha rate hadi 22050 milio hiyo haipungukiwi kitu, na kazi ya kuchanganya sauti inapungua nusu. Ukifanya hivyo, shuka hadi sehemu ya sblaster uandike na oplrate=22050 ili zilingane. Muziki utapoteza ung'avu kidogo, ila kwa spika ndogo za laptopu mimi sikuisikia tofauti.

Ya pili ni blocksize, ukubwa wa kila fungu la sauti. Ukiwa na 1024 kwenye rate ya 44100, fungu moja ni kama milisekunde 23. Ukishusha rate hadi 22050 bila kugusa blocksize, fungu lilelile linakuwa milisekunde 46. Ya tatu ni prebuffer, akiba ya ziada kwa milisekunde, ambayo utaikuta 20 au 25. Ipandishe hadi 40 usikilize, kisha 60 ikibidi. Usiende 200 kwa mkupuo. Sauti itanyooka, lakini utafyatua bunduki na mlio utaufikia ukiwa umeshahamia kwa adui mwingine. Badilisha kitu kimoja, hifadhi, funga DOSBox, ifungue tena, sikiliza. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja hutajua kipi kilitibu.

Kuna tatizo moja linalojifanya kigugumizi wakati si kigugumizi. Kama kipande kilekile kifupi cha mlio kinajirudia bila kikomo, au mlio mmoja unatoka halafu kimya kabisa, hapo hakuna prosesa iliyochoka. Mchezo na kadi havijaelewana. Endesha SETUP, programu ya mipangilio inayokuja na mchezo, chagua Sound Blaster 16, kisha namba ambazo mchezo na kadi huwasiliana kwazo: anwani 220, IRQ 7, DMA 1. Michezo mingi hujipendekezea IRQ 5 huku DOSBox ikisubiri kwenye 7. Ukiwa humohumo kwenye SETUP ya Doom, utaulizwa milio mingapi ichanganywe kwa wakati mmoja. Mitatu inatosha kwa mashine ya zamani.

Ukishapata namba zako, usizilazimishe kwa kila mchezo. Nilitengeneza nakala ya faili nikaliita doom.conf, nikaweka njia ya mkato kwenye skrini ya mwalimu inayoita DOSBox kwa -conf ikifuatiwa na njia kamili ya faili hilo la doom.conf. Namba zake za mwisho: cycles max 75%, rate 22050, oplrate 22050, blocksize 1024, prebuffer 40. Mchezo wake mwingine wa kuruka na kukimbia umebaki na faili la awali na cycles 3000, maana huo haukuwahi kugugumia hata siku moja.

Spika tulizifunga tena kwenye boksi lake, risiti ilikuwepo. Akazirudisha dukani jioni ileile.