SOMO: Kufua kwa maji ya majivu, hatua kwa hatua

Kila yakitajwa maji ya majivu, maswali ni yaleyale: majivu gani, maji kiasi gani, mbona nguo zimefubaa. Naandika mara moja, atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa.

Kinachofua ni kaboneti ya potasiamu iliyomo kwenye majivu ya kuni. Ukiyaloweka, hiyo huyeyuka na maji yanakuwa alikali, yaani kinyume cha tindikali. Alikali ikikutana na mafuta ya jasho, baadhi yake hugeuka sabuni palepale kwenye kitambaa.

1. Tafuta majivu meupe ya kuni ngumu, yaliyopoa kabisa. Kuni laini zina potasiamu kidogo. Ya mbao zenye rangi au dawa, au ya moto uliochoma plastiki, usiguse.

2. Chekecha, toa vipande vya mkaa.

3. Kipimo 1 cha majivu, vipimo 5 vya maji, kwenye ndoo ya plastiki. Koroga, funika, acha hadi kesho yake, ukikoroga mara mbili tatu. CHOMBO CHA ALUMINI HAPANA: alikali hukila na kutoa gesi ya haidrojeni, ambayo hushika moto.

4. Kuchuja. Hapa ndipo nguo zinapoharibika, na shuka langu jeupe liliishia hapa. Ukishakoroga mara ya mwisho, usiguse ndoo kwa saa kadhaa mpaka tope litulie chini. Kisha teka maji ya juu kwa kikombe, polepole, bila kuinamisha ndoo. Ukiimimina, tope linaamka lote. Pitisha maji hayo kwenye kitambaa kizito cha pamba kilichokunjwa mara mbili, yadondoke yenyewe. USIKAMUE KITAMBAA, hata kama umechoka kusubiri, kwa sababu ukikamua unasukuma vumbi laini lipenye, nalo likiingia kwenye nyuzi za nguo nyeupe linaacha ukijivu usiotoka kwa kusuuza. Mimina kidogo kwenye glasi, uitazame kwenye mwanga. Maji mazuri ni maangavu, yenye umanjano wa mbali. Ukiona ukungu, chuja tena.

5. Pima nguvu. Chovya ncha ya kidole, usugue na kidole gumba. Utelezi mdogo unatosha, ukizidi ongeza maji. Nawa mara moja, maana utelezi huo ni mafuta ya ngozi yako yanayogeuka sabuni. Kwa kazi yote vaa glavu, na yasiingie machoni.

6. Weka vikombe 2 kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, loweka nusu saa, fikicha, suuza mara mbili, anika.

Ni kwa pamba na kitani tu. Sufu na hariri ni protini, alikali huzila.

MASWALI

@upepo: Nimechuja kwa chujio la chai, nguo zina madoa ya kijivu. Tatizo nini?
— Soma hatua ya 4.

@haraka: Sweta la sufu nikiloweka dakika 5 tu?
— Hapana. Imeandikwa hapo juu.

@mjuzi: Hayatoi povu, basi hayafui. Mnadanganyana.
— Povu si kipimo cha usafi, ndugu. Fua kola chafu, uikague ikikauka, halafu urudi tuongee.

@nyuzi: Doa la manjano, kile kiungo, limegeuka jekundu nilipoloweka! Nimeharibu nguo?
— Hujaharibu, na umeliona vizuri. Rangi ya manjano hubadilika kuwa nyekundu ikikutana na alikali. Suuza sana, kisha pitisha kwenye maji yenye siki kidogo, itarudi njano. Halafu anika juani ingali mbichi, kwa sababu mwanga hufifisha rangi hiyo. Rudia mpaka iishe.

@tulivu: Kwenye mashine je?
— Mashine nyingi zina sehemu za alumini nyuma ya pipa. Mimi nafua kwa mkono.

@mbegu: Na sufu tuifulie nini? Nasikia kuna matunda ya kufulia.
— Swali zuri. Ni ya miti ya jamii ya Sapindus, maganda yake yana saponini, kemikali ya asili inayofua kama sabuni. Chemsha maganda, chuja, tumia yakipoa, kwa sufu ni mapole zaidi. Lakini maji hayo huchacha baada ya siku chache, hivyo yagandishe kwenye friji kama vipande vya barafu. Na usiyamwage kwenye bwawa, saponini huua samaki. Ya majivu hayaozi: chupa ya plastiki yenye kifuniko, lebo, mbali na watoto.

@mbegu: Asante sana. Tope linalobaki kwenye ndoo nitupe?
— Likaushe, unyunyize kidogo bustanini. Bado lina kalsiamu nyingi na hupunguza tindikali ya udongo. Usiliweke tu penye mimea inayotaka udongo wa tindikali, na usilichanganye na mbolea ya amonia, itatoa gesi kali.