Farasi wako ana aleji na chanjo? Anza na banda kabla ya sindano

Ukichoma farasi chanjo leo, kesho shingo ikivimba kidogo, akawa mzito kutembea na asile vizuri, usihangaike sana, mara nyingi inaisha ndani ya siku moja au mbili. Aleji yenyewe ni kitu kingine kabisa. Jike wangu hata nusu saa haikuisha nikaona vibonge vinainuka shingoni saizi ya vizibo vya soda, ukipitisha mkono unavihesabu, alafu kope zikajaa mpaka macho yakawa mistari tu. Bahati daktari wa mifugo alikuwa hajaondoka.

Jike alipotulia, daktari akaniuliza, wiki hii umebadilisha nini? Nikamwonesha ukutani, nilikuwa nimebandika sponji la godoro la zamani asijigonge, na lilishaanza kumeguka unga unga. Sasa masponji mengi ya zamani yana kemikali za kuzuia moto, zinatoka pamoja na vumbi, farasi analamba na kuvuta, na zile zenye bromini zinajificha kwenye mafuta ya mwili mda mrefu sana. Kule Michigan, Marekani, mwaka 1973 kemikali ya namna hiyo ilichanganywa kwa makosa kwenye chakula cha mifugo na ng'ombe maelfu wakauawa. Sisemi sponji ndo lilileta vile vibonge, wa kwanza kushukiwa ni chanjo, ila kuchunguza huku kuna mambo mawili mapya ni kazi ngumu.

Kwa hiyo wiki mbili kabla ya chanjo toa masponji yote, na vumbi lake lifute na kitambaa kibichi, usifagie kavu ukalirusha hewani. Usilete chakula kipya, matandiko mapya wala dawa mpya ya nzi. Asubuhi ya chanjo pima joto, farasi mzima anacheza kati ya 37.5 na 38.5, akizidi hapo ahirisha.

Daktari mwambie historia kabla hajavuta dawa kwenye bomba, na muombe chanjo moja moja badala ya ile ya magonjwa mengi kwa pamoja, zipishane wiki 3 au 4. Kama kuna dawa ya kumpa kabla, aamue yeye, usijitungie dozi. Andika jina la chanjo, namba ya bachi na upande wa shingo uliochomwa, bila hivyo mwakani mtarudia dawa ileile.

Baada ya sindano usiondoke, kaa nae angalau saa nzima. Akihema kwa shida, akiyumba au akianguka hapo ni sindano ya adrenalini, dawa ya dharura ya aleji kali, na ni dakika sio masaa, ndo maana farasi wa hivi achomwe na daktari tu.

Na tafadhali usiamue kuacha chanjo zote kwa woga, pepopunda inaua farasi vibaya mno, kidonda kidogo cha kwato kinatosha. Kaa na daktari mchague ipi ni lazima na ipi inaweza kusubiri.