Ujumbe wa shukrani baada ya usaili, kwa waombaji kazi wa Mtwara na Lindi

Ujumbe wa shukrani una kazi moja kubwa: kumkumbusha aliyekusaili jambo fulani mlilozungumza mle chumbani. Ukiandika "Asanteni sana kwa nafasi mliyonipa, Mungu awabariki" ukaishia hapo, adabu umeonyesha, lakini kama siku hiyo walisailiwa watu kumi na tano, msomaji hatajua wewe ni yupi kati yao.

Ndiyo maana maandalizi huanza kabla hujatoka getini. Pita mapokezi, uliza majina na vyeo vya waliokuwa mezani, na kama ofisi inapokea ujumbe kwa baruapepe au kwa simu. Ukitoka, kaa kivulini uandike mambo matatu: swali mlilolijadili kwa muda mrefu, jibu ulilolitoa nusunusu, na chochote walichokuomba utume. Usingoje mpaka ufike Masasi au Nachingwea. Ukishuka kwenye basi, nusu ya maneno yamekwisha kupotea.

Tuma ndani ya saa 24, muda wa kazi. Ukisailiwa Ijumaa asubuhi, tuma alasiri hiyohiyo kabla ofisi hazijafungwa. Ukichelewa, ngoja Jumatatu saa 3 asubuhi. Saa 4 usiku usimtumie mtu ujumbe wa kazi, hata kama unamwona yupo hewani.

Baruapepe ndiyo njia bora kwa kampuni zenye ofisi kamili. Hebu tazama mfano huu:

Kichwa: Shukrani – usaili wa Mtunza Ghala, 15 Oktoba

"Ndugu Meneja,
Nawashukuru kwa kunisikiliza jana asubuhi kuhusu nafasi ya mtunza ghala. Mliniuliza ningefanya nini korosho zikiletwa zikiwa na unyevu. Nilijibu kwamba ningezitenga. Naomba niongeze kuwa zingeanikwa upya na kupimwa unyevu kabla ya kupangwa ghalani, na ningeandika kwenye daftari tarehe na chama cha msingi zilikotoka. Cheti cha kidato cha nne mlichoomba nimekiambatanisha.
Wenu, (jina kamili, namba ya simu)"

Nguvu ya ujumbe huu ipo katikati. Jibu lililobaki nusu limekamilishwa, na kwa jambo ambalo kila mwenye ghala la korosho analihofia, maana korosho zenye unyevu huota ukungu. Sentensi nne au tano zinatosha. Usiulize mshahara, wala usieleze shida za nyumbani. Anayesoma huruma mahali alipotarajia kusoma kazi hukuwekea alama mbaya.

Salamu huwaponza wengi. Kwa meneja au afisa, "Ndugu" pamoja na cheo au jina inatosha. "Mheshimiwa" mwachie mbunge, diwani, hakimu au mkuu wa wilaya, na "bosi" na "mkuu" ziache kijiweni. Kwenye hospitali au shule ya misheni, aliyejitambulisha kama Sista au Padre mwandikie hivyo. "Shikamoo" inafaa ukimwandikia mtu mzima mwenye duka au karakana yake mwenyewe, aliyekupa namba kwa mkono wake. Lugha nayo ifuate ya usaili: kama mlizungumza Kiingereza, mwandikie Kiingereza chako mwenyewe, si kile cha kunakili mtandaoni, kwa sababu ameshakusikia ukiongea.

Kama ofisi inapokea ujumbe kwa simu, tuma SMS. SMS moja hubeba herufi 160, nafasi zikihesabiwa. Ukiweka kikatuni cha tabasamu, au alama ya ng’ iliyopinda kama baadhi ya simu zinavyoiandika zenyewe, kikomo hushuka hadi herufi 70 na ujumbe hukatwa vipande. Kwa hiyo jina la mahali kama Likong'o liandike kwa alama iliyonyooka. Mfano huu una herufi 121, na jina lako linaingia bila shida:

"Habari Afisa Utumishi. Asante kwa usaili wa leo, nafasi ya mtunza ghala. Cheti mlichoomba nimekituma kwa baruapepe saa 9."

Tumia namba ileile iliyo kwenye wasifu wako. Ukituma kwa WhatsApp, kwanza tazama picha yako na status uliyoweka, kwani mpokeaji ataziona. Alama za buluu zikitokea bila jibu, usirudie kutuma. Na ukituma baruapepe pale mtandao unaposuasua, fungua sehemu ya zilizotumwa uhakikishe imetoka na kiambatisho chake.

Hapa tunasisitiza kwa moyo wote: shukrani iwe ya maneno peke yake. Kwetu neno "asante" hubeba pia maana ya kitu kidogo cha mkononi, na kilo mbili za korosho zilizobanguliwa huonekana zawadi ya kawaida kabisa. Ukimpelekea aliyekusaili kabla uamuzi haujatoka, au ukamtumia hela ya soda kwenye simu, unajiweka wewe na yeye kwenye hatari ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Mjomba anayemfahamu meneja naye asipige simu kukushukuria.

Kwa usaili wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, usiwatafute wajumbe kabisa. Fuatilia matokeo kwenye tangazo na kwenye akaunti yako ya Ajira Portal.

Kwingine, kama waliahidi jibu baada ya wiki mbili, zipite kwanza, ongeza siku tatu za kazi, kisha uliza mara moja. Wakikujibu kwamba nafasi imepata mtu, shukuru kwa mstari mmoja na useme uko tayari hata kwa kazi ya msimu. Namba yako usiibadilishe, kwa sababu msimu wa korosho ukifunguka maghala huhitaji watu kwa haraka na huanza na majina ambayo tayari wanayo.