Jinsi ya kuandika sitkomu ya kol senta bila kutegemea lafudhi za watu

Tuseme unataka kuandika komedi ya ofisini, wafanyakazi wako India wanapokea simu za wateja wa Marekani, na bosi kaletwa kutoka hukohuko Marekani. Kabla hata ya majina ya wahusika, amua hiyo kampuni inauza nini. Wengi wanaruka hapa, wanakimbilia lafudhi na chakula kikali, alafu episodi ya tatu wameishiwa. Outsourced, sitkomu ya televisheni ya NBC ya Marekani (2010, ofisi ipo Mumbai, ilidumu msimu mmoja tu) kwenye bidhaa walipatia: kampuni inauza vitu vya utani, ile mito midogo inayotoa sauti ya ushuzi ukiikalia. Sasa mfanyakazi lazima kwanza aelewe kwa nini mtu mzima ananunua kitu kama hicho, alafu akiuze kwenye simu bila kucheka.

Baada ya hapo chora saa ukutani, maana saa ndo injini yako. India wako mbele ya New York kwa masaa tisa na nusu, ikifika majira ya baridi inakuwa kumi na nusu kwa sababu Wamarekani wanarudisha saa zao nyuma mwanzoni mwa Novemba na India hawagusi kitu. Yaani simu za saa tatu asubuhi kule zinaingia huku saa kumi na mbili na nusu jioni (majira ya baridi saa moja na nusu), shifti inaenda mpaka alfajiri, gari la kampuni linapita kuchukua watu usiku na majirani wanachungulia huyu binti anaenda wapi saa hizi. Mchana mtu amelala, ndo mama yake kaleta wageni wa posa. Alafu Diwali, ambayo huangukia kati ya Oktoba na Novemba, watu wanataka likizo na bosi anahesabu Black Friday, ile Ijumaa ya mauzo makubwa Marekani mwishoni mwa Novemba, inavyokaribia. Hapo tu una episodi kadhaa za bure.

Simu yenyewe usiiandike kama maongezi ya kawaida. Kuna skripti, kuna dakika zinahesabiwa, kuna mtu wa kukagua ubora wa simu anasikiliza, na kuna kile kitufe cha miuti (cha kuzima sauti yako), ambacho kwangu ndo mhusika mkuu wa ofisi nzima. Watazamaji wasikie anachoambiwa mteja na kinachosemwa akiwa hasikii. Hapa tuseme wanajifanya wako Marekani:

MTEJA: Vipi huko kwenu, mvua imekata?
SAM (anabana miuti): Jamani, leo kwetu wapi?
JIRANI: Ohio.
SAM (anaachia): Imekata mama, ila tope ni balaa.
SUPAVAIZA: Dakika ya saba hii. Na skripti haina tope.

Huyo Sam jina lake sio Sam, kapewa la kazini ili mteja asishtuke, na hilo jina usilichekee tu ukaliacha, litumie. Siku mteja akipiga akamtaka "yule Sam wa jana" na ofisini wapo Sam watatu, itakuwaje?

Sasa bosi. Hapa ndo wengi wanaharibu. Wafanyakazi wanawajua Wamarekani kuliko bosi anavyoijua India, kila usiku wanasikia watu wanalia bili, wanagombana na waume zao huku laini iko wazi. Kwahiyo mjinga wa mle ndani ni yeye. Ukiona kila episodi inaisha bosi kawafundisha maisha na wao wanatabasamu, futa andika upya. Na usiwafanye Wahindi wote kitu kimoja, Mtamil na Mpunjabi lugha za nyumbani haziingiliani, chakula tofauti, wanaweza kugombania friji ya ofisi msimu mzima na bosi asielewe ugomvi unatoka wapi.

Mapenzi ya bosi na mfanyakazi yapo kila mahali, mi ningeyaacha. Kila episodi iwe na hadithi mbili basi, muda wenyewe ni kama dakika 22 ukitoa matangazo.

Drafti ikiisha mpe mtu aliyewahi kupokea simu za wateja aisome, usimuulize kama inachekesha, muulize kipi kisingewezekana. Akisema hiyo simu ingeshakatwa dakika ya tatu, basi ikate, mteja apige tena kwa hasira aangukie dawati la jirani, na hiyo ndo sini yako inayofuata.