Kupiga Picha Nyumba ya Wageni ya Shamba Iliyowahi Kuwa na Muziki

Ukipata kazi ya kupiga picha nyumba kuukuu ya wageni huko bara, tuseme upande wa Mazeras au Rabai, ambayo wenyeji huikumbuka kwa taarabu za harusi au dansi za Jumamosi usiku, usikimbilie kufungua mkoba wa kamera. Mwamkie kwanza mzee anayeitunza, kisha umwombe akuoneshe wapiga vyombo walikaa wapi, mwimbaji alisimama wapi na karabai ilitundikwa kwenye boriti ipi, kwa kuwa majibu hayo ndiyo yatakayokuelekeza mahali pa kuisimamisha kamera. Mwenye nyumba pengine atataka kuleta gitaa la kukodi aliegemeze ukutani; mimi hukataa kwa upole. Sakafu iliyolika mahali pamoja kwa nyayo za wachezaji, au msumari wa karabai uliobaki na duara la moshi juu yake, ni ushahidi ambao chombo kisichowahi kupigwa humo hakiwezi kuutoa.

Picha moja usiikose: kaa pale pale alipokaa mpiga udi, kamera ikiwa usawa wa kifua chako, uupige ukumbi kama alivyouona yeye. Lenzi ya milimita 24 inatosha, maana iliyo pana zaidi, kama ya milimita 16, huvuta pembe za chumba hata kibaraza kikaonekana uwanja. Kamera isiinamishwe juu wala chini, nguzo zisije zikaanguka ndani ya picha. Hata hivyo, ukuta wa udongo na fito ambao wenyewe umepinda uache na kupinda kwake. Kuunyoosha kwa kompyuta ni kuusingizia.

Mwanga ndio mtihani mkubwa. Mombasa iko takriban digrii 4 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hupanda upesi, na ikifika saa tatu asubuhi nje kunang'aa huku chini ya makuti kukiwa giza. Weka kamera kwenye stendi ya miguu mitatu, upige picha tatu bila kuisogeza, moja ya kufuata mwanga wa ndani, moja wa nje na moja wa kati, kisha uziunganishe baadaye. Mimi hupendelea kusubiri magharibi: jua likishatua, kuna dakika 20 hivi ambapo anga na taa za ndani hulingana nguvu, na ukumbi hurudia sura uliyokuwa nayo wageni walipokuwa wakianza kuingia.

Ukitoka kwenye gari lenye kiyoyozi, iache kamera mkobani kwa nusu saa, la sivyo lenzi itashika ukungu.

Vyombo na santuri vilivyobaki vipigwe kando ya dirisha, bila flashi. Santuri ni nyeusi na inang'aa, hivyo mwanga ukiijia kwa ubavu, karibu ulale juu yake, mifereji huonekana na maandishi ya katikati husomeka. Na yafaa yasomeke, kwani santuri za zamani za taarabu zina historia ndefu, tangu Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, aliporekodi Bombay mwaka 1928. Tashkota, kile chombo cha Kijapani kilichopendwa sana katika taarabu ya Mombasa, kipige kutoka ubavuni na kwa karibu, ili vidude vyake vya kubofya, vilivyochakaa na visivyochakaa, vitofautiane.

Picha zilizo kwenye fremu za kioo hurudisha sura ya mpigaji mwenyewe. Dawa yake ni kitambaa cheusi mbele ya kamera, chenye tundu la kupitishia lenzi. Buibui kuukuu lafaa kabisa. Lakini zikiwa ni za wanawake harusini, waombe idhini wenyewe au jamaa zao, si mwenye nyumba peke yake, kwa sababu wengi walipigwa wakijua kwamba picha haitatoka nje ya familia. Wakikataa, irudishe ukutani na upige fremu nyingine.